Piga kambi kabla ya mto, si baada yake

Unapopanga safari ya miguu ya siku kadhaa kwenye nyanda za juu za volkano huko Iceland, ratibu kambi zako ziwe upande wa huku wa mito inayotoka kwenye barafu, ili uvuke asubuhi mapema. Jua la mchana huyeyusha barafu, mto ukajaa alasiri na jioni, kisha baridi ya usiku ikaushusha. Maji yake yana unga wa miamba, ni ya kijivu, sakafu huioni. Ndiyo maana kina kidogo kina thamani kuliko usingizi wa ziada. Mito ya chemchemi, yenye maji maangavu, haibadiliki sana, hiyo isikusumbue. Mbinu hii hushindwa mvua ikinyesha usiku kucha, au unapovukia mbali sana na barafu, kwa kuwa maji ya jana mchana huenda yakafika hapo alfajiri. Tena joto la volkano likiyeyusha barafu kwa chini, mafuriko hayachagui saa: mto ukipanda bila mvua huku ukinuka kama yai viza, achana nao, kimbilia mwinuko.