Namna ya Kumwandika Wellington kwa Jina la Mwaka Husika

Kabla ya kuandika jina la Wellington, kamanda wa jeshi la Uingereza, tafuta kwanza mwaka wa tukio, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa Ireland mwaka 1769 kwa jina la Arthur Wesley alitimiza miaka 40 kabla hajaitwa Wellington. Tahajia ya Wellesley aliianza mwaka 1798, hivyo ushindi wa Assaye, India, mwaka 1803, ni wa Meja Jenerali Wellesley. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika ubaoni, hapa Tabora, "Sir Wellington wa Assaye", ilhali wakati huo hakuwa Sir wala Wellington. Cheo cha Sir alipewa mwaka 1804, nacho hutangulia jina la kwanza: Sir Arthur, kamwe si Sir Wellesley.

Baada ya vita vya Talavera, Hispania, mwaka 1809, akawa Viscount Wellington; Viscount, Earl, Marquess na Duke ni vyeo vya ukabaila vya Uingereza, kuanzia cha chini hadi cha juu. Jina la Wellington lilichaguliwa na kaka yake William, kutokana na mji wa Wellington ulioko Somerset, Arthur akiwa bado vitani. Hapa ndipo wanafunzi wetu hupotea, maana Mtemi wa Unyanyembe alikuwa na nchi na watu wake, na ukiwafasiria Duke kuwa "mtawala" watadhani Wellington aliutawala mji ule. Hakuutawala. Liache neno Duke lilivyo, kama wafanyavyo watangazaji wa redio. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mtyela Kasanda, mtemi wa Wanyamwezi, ambaye jina lake la vita, Mirambo, lililimeza lile la awali.

Mwaka 1812 unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu alipandishwa mara mbili: Earl mwezi Februari, Marquess mwezi Oktoba. Kwa hiyo aliyeuteka mji wa Ciudad Rodrigo, Hispania, mwezi Januari ni Viscount, na aliyeshinda vita vya Salamanca, hukohuko, mwezi Julai ni Earl. Ufildimashali wa mwaka 1813, baada ya ushindi wa Vitoria, ni cheo cha jeshi, nao huandikwa mbele ya cheo cha ukabaila. Alifanywa Duke mwezi Mei 1814, hivyo ushindi wa Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, ni wa Duke wa Wellington. Ongeza "wa kwanza", kwani wazao wake wamekirithi cheo hicho.

Insha ikiwa ndefu, anza na "Arthur Wellesley, baadaye Duke wa Wellington", kisha tumia Wellesley hadi Talavera na Wellington kuanzia hapo. "Duke wa Chuma" ni jina la utani, lisiwekwe kwenye kichwa cha insha.