Kuchambua katiba ya enzi za chama kimoja: mwongozo kwa vikundi vya mdahalo Mwanza

Watu 8 hadi 12 wanatosha, kwa muda wa saa mbili. Wakizidi, wawili watatu wataongea na waliobaki watachezea simu.

Siku moja kabla, toeni kopi ya kurasa chache tu za Katiba ya 1977: ibara ya 3, ya 10, ya 40 na ya 42 (vipindi vya urais), na ya 98. Kitabu kizima ni gharama bure. Someni na maandishi madogo yanayotaja sheria za marekebisho, kwa sababu ndiyo historia yenyewe. Ibara ya 10 mtaikuta imefutwa na Sheria Na. 4 ya 1992. Humo ndimo chama kilimokuwa kimeshika hatamu. Ibara ya 3 bado inasema nchi ni ya kijamaa, na hapo kikundi huwa kinaamka.

Chukueni karatasi ya manila, mpige mstari katikati: kushoto Serikali, kulia Chama. Jazeni mwaka kwa mwaka, na msiruke upande wa kulia. Wengi huandika kwamba Mwalimu Nyerere aling'atuka 1985, wakaishia hapo. Kweli, tarehe 5 Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi aliapishwa kuwa Rais, lakini uenyekiti wa CCM Mwalimu alibaki nao hadi 1990. Kwa miaka mitano hiyo ulizeni: maelekezo yalitoka wapi kwenda wapi? Cuba nayo inajazwa hivyo hivyo: Raúl Castro aliacha urais 2018, akaacha uongozi wa chama 2021. China ilipoondoa ukomo wa vipindi viwili vya urais mwaka 2018, cheo cha katibu mkuu wa chama hakikuwa na ukomo wa kufutwa katika katiba ya nchi. Katika nchi za namna hii, safu ya kulia ndiyo inayoeleza ya kushoto.

Kwenye ibara ya 98, inayohusu kubadilisha Katiba, mtakuta sharti la theluthi mbili ya wabunge. Bunge la chama kimoja halikuwa na shida kuipata. Mjadala wa marekebisho ya 1984 ulikuwa umeanzia kwenye mapendekezo ya Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, 1983. Angalieni pia tarehe ya kuanza kutumika: haki za binadamu ziliingia kwa marekebisho ya 1984, ila mahakamani hazikuweza kudaiwa hadi 1988.

Mkiweza, alikeni mzee aliyepiga kura enzi hizo, mpeni dakika 15. Mwombeni achore karatasi ya kura: Rais ni mmoja, ndiyo au hapana, ubunge ni wawili wa chama kilekile, mmoja alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Vijana hucheka, kisha waambieni kwamba mwaka 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mtu wa huku huku Mwanza, aliangushwa kwa kura za namna hiyo.

Mdahalo huharibika ukigeuka wa kumpenda au kumchukia Mwalimu. Anayeanza hivyo aulizwe: ibara ipi, mwaka gani?

Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, iwekeni mwisho, na mbakize dakika 40. Takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, tume ikashauri vyama vingi, na Julai 1992 vikaanza. Gawanyeni kikundi nusu kwa nusu: nusu itetee tume, nusu itetee hiyo asilimia 77. Dakika ya 20 wabadilishane pande.