Viza ya Schengen ukiwa na siku chache

Ukipata safari ya ghafla ya Ulaya, iwe ni msiba, ugonjwa au kazi, usikate tamaa ukiona kalenda ya miadi imejaa. Sheria ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia kundi la nchi nyingi za Ulaya, inataka ombi lifike angalau siku 15 kabla ya safari, lakini inauruhusu ubalozi kulipokea hata baada ya hapo kama dharura ina uthibitisho. Wengi hawalijui hilo, wanakesha wakisubiri nafasi ifunguke mtandaoni.

Andikia ubalozi barua pepe leo hii. Fupi tu: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya safari, sababu. Ambatisha barua ya hospitali au mwaliko wenye tarehe, sahihi na simu ya aliyeuandika. "Nina dharura" peke yake haitoshi.

Ubalozi gani? Wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, wa nchi utakayoingia kwanza. Kukimbilia penye foleni fupi ni kujitafutia kukataliwa.

Huku ukisubiri jibu, kata bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000, kisha fungua pasipoti uikague: kurasa 2 tupu, imetolewa ndani ya miaka 10, na iwe hai miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Kama ulitoa alama za vidole kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, sema; huenda zikatumika zilezile. Na tiketi, jamani, shikilia nafasi tu, usilipe kabla viza haijatoka.