Njia za msituni Amani kwa gari: kijito kivuke kwanza kwa miguu

Kutoka Muheza kupanda Amani, Usambara Mashariki, barabara kubwa ina madaraja yake, haina shida. Nazungumzia njia za pembeni, zile za msituni na za kwenye mashamba ya chai, ambako ghafla kijito kinakatiza mbele yako. Kwa gari ya fo-wili ni njia nyepesi hata kwa mgeni, ila masika, Machi hadi Mei, nenda kafanye mengine. Udongo mwekundu wa kule ukilowa ni sabuni.

1. Getini Zigi
Hili ndilo geti la hifadhi ya msitu wa Amani. Lipia kibali, halafu waulize walinzi kama jana usiku mvua ilinyesha juu. Kijito hujazwa na mvua ya mlimani. Wewe hapo chini unaweza kuwa unaota jua. Kwenye gari kuwe na kamba ya kuvutia, koleo, panga, spea iliyojaa na pampu.

2. Toa upepo
Kama tairi zina upepo wa psi 35, shusha hadi 25 hivi. Tairi iliyolegea inalikumbatia jiwe, ngumu inalidunda na kuteleza.

3. Ingiza fo-wili mapema
Usingoje ukwame. Gari za zamani inabidi ushuke ufunge loki za magurudumu ya mbele kwa mkono. Wengi husahau, kisha wanaitukana gari.

4. Kijito
Simamisha gari kabla ya maji, zima injini, shuka. Kwanza kuna sababu ya kiufundi: difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ikiwa ya moto ikatumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Dakika kumi za kupoa zinatosha, na ndizo utakazotumia kukagua.

Kata fimbo, kunja suruali, vuka mwenyewe. Maji yanayochezacheza juu ya mawe huwa hayana kina. Yaliyotulia kama kioo ndiyo ya kuogopa. Gusa kila hatua pale zitakapopita tairi, kushoto na kulia: kuna shimo? Kuna gogo? Kuna tope linalomeza fimbo? Yakifika gotini, au yakikuyumbisha miguu, rudi. Kwa gari isiyoongezwa urefu, mpaka wangu ni katikati ya gurudumu. Abiria atanuna, mwache anune.

Ukiridhika, weka L4, ile fo-wili nzito yenye nguvu na mwendo mdogo, gia namba mbili, uingie polepole kama mtu anayetembea. Mwendo uwe uleule mpaka ng'ambo. Ukikurupuka, maji yanaruka hadi kwenye mdomo wa filta ya hewa. Usikanyage klachi katikati, usibadili gia. Jiwe kubwa lipandie kwa tairi. Ukilipitisha katikati ya gari litaisubiri difu.

Injini ikizima ndani ya maji, usipige stata. Maji yakishaingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Funga kamba, uvutwe.

5. Ukitoka
Breki zimelowa, hazishiki. Tembea pole huku ukizigusa gusa mpaka uzisikie zinauma. Na tafadhali, usioshee gari hapo. Maji ya mto Zigi yanashuka hadi bwawa la Mabayani, na Tanga nzima inayanywa.

6. Mteremko
L4, gia namba moja, mguu mbali na klachi, injini ikushikilie. Gari ikianza kuteleza ubavu, achia breki kwanza. Tairi iliyofungwa haisikii usukani. Piga honi kila kona, bodaboda za kule hazingoji. Ukikutana na anayepanda, wewe unayeshuka ndiye umpishe.

7. Kabla ya lami
Rudisha upepo. Kesho yake fungua nati ya difu kidogo, uangalie tone la oili. Ikiwa safi, funga. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga, weka mpya. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na haraka, sikupoza wala sikukagua. Siku ya tatu, nikiwa nimebeba wageni wa watu, difu ilianza kulia kama mzinga wa nyuki, na fundi alipoifungua Muheza ilitoka chai tupu, haikukosa ila sukari.