Kupima usalama wa Wi-Fi ya kampuni

Pata kwanza kibali cha maandishi kinachotaja mitandao, majengo na saa. Bila hicho, huo ni uvamizi. Tumia laptopu ya Linux na adapta ya USB inayoweza kusikiliza mawimbi yote ya GHz 2.4 na 5 (baadhi ya adapta za ndani hugoma).

Zunguka jengo ukiendesha airodump-ng (programu inayoorodhesha mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu), ulinganishe BSSID (anwani ya kila kituo cha Wi-Fi) na orodha ya idara ya TEHAMA. Kifaa kisicho orodhani chenye jina la kampuni kitafutwe kilipo.

Penye WPA2 (ulinzi wa Wi-Fi) ya nywila moja kwa wote, nasa ujumbe 4 wa kuunganisha kifaa, kisha uujaribu kwa hashcat, programu ya kukisia nywila, uone kama nywila ni dhaifu.

Penye 802.1X (kila mtumiaji huingia kwa utambulisho wake, unaokaguliwa na seva), udhaifu huwa zaidi kwenye simu na laptopu kuliko kwenye seva. Kifaa kisichokagua cheti cha seva (uthibitisho wa kidijitali wa utambulisho wake) huweza kujiunga na mtandao bandia wenye jina lilelile na kumpa mtegaji taarifa za kuingilia. Hakikisha kila kifaa kimewekewa cheti cha mamlaka iliyotoa cheti cha seva, pamoja na jina la seva, na mtumiaji hawezi kupuuza onyo.

Hatimaye ingia mtandao wa wageni, uelekeze nmap (programu ya kuchunguza vifaa vya mtandao) kwenye printa na seva za ndani. Zikijibu, VLAN (sehemu za mtandao zinazopaswa kutengana) hazijatenganishwa, hata kama mchoro unadai vingine.