Jinsi ya Kurekebisha Anwani ya Hatua Inayofuata katika BGP ya Nje na ya Ndani

Tuchukue mfano wa mtoa huduma mdogo wa intaneti mwenye ruta ya mpakani Arusha na ruta nyingine Moshi, zote zikiwa ndani ya mtandao wenye namba 64501 na zikifahamishana njia za ndani kwa itifaki ya OSPF. Ruta ya Arusha imeunganishwa na kampuni inayomuuzia intaneti, yenye namba 64500. Upande wa kampuni una anwani 203.0.113.1, na upande wa Arusha 203.0.113.2. Namba na anwani hizi za nje zimetengwa kwa ajili ya mifano tu, hivyo zisinakiliwe kwenye mtandao halisi.

Kila njia inayotangazwa kwa BGP, itifaki ambayo ruta hutumia kuelezana njia za intaneti, hubeba anwani ya hatua inayofuata, yaani ruta ambayo pakiti zitakabidhiwa. Katika BGP ya nje, yaani kati ya mitandao miwili tofauti, ruta inayotangaza huweka anwani yake yenyewe, kwa hiyo Arusha ikipokea njia ya 198.51.100.0/24 itaiona ikiwa na 203.0.113.1, ambayo iko upande wa pili wa kiungo chake chenyewe. Katika BGP ya ndani, yaani kati ya ruta za mtandao mmoja, Arusha huipeleka njia hiyo Moshi bila kuibadilisha anwani. Moshi basi inaambiwa ipitie 203.0.113.1, anwani ambayo OSPF haijawahi kuitaja, na kanuni ya RFC 4271, waraka wa mwaka 2006 unaoeleza BGP, inaizuia kuichagua njia ambayo hatua yake inayofuata haifikiki.

Hapa ndipo mafundi wengi hupoteza muda, kwa sababu kila kitu huonekana kizima: jirani ameunganishwa, njia zimepokewa, lakini wateja wa Moshi hawapati huduma. Kabla ya kushuku nyaya, andika `show ip bgp` kwenye ruta ya Moshi. Kwenye vifaa vya Cisco, njia iliyochaguliwa huwa na alama ya `>`. Ikikosekana, andika `show ip bgp 198.51.100.0` na utazame kama neno `inaccessible` limeandikwa kando ya 203.0.113.1.

Ikiwa ndivyo, rekebisha Arusha, si Moshi:

`router bgp 64501`
`neighbor 10.0.0.2 next-hop-self`

Anwani 10.0.0.2 ni ya Loopback0 ya Moshi, yaani poti ya kubuni ndani ya ruta isiyotegemea waya wowote. Kisha tuma njia upya kwa `clear ip bgp 10.0.0.2 soft out`, amri isiyokata mawasiliano. Moshi sasa itaona hatua inayofuata kuwa 10.0.0.1, yaani Loopback0 ya Arusha, mradi anwani hiyo inatangazwa na OSPF na majirani hao wawili wanazungumza kupitia `update-source Loopback0`.

Njia mbadala ni kuingiza kiungo cha nje kwenye OSPF kama poti tulivu, isiyotafuta majirani. Ina faida moja ya kweli: kiungo kikikatika, anwani yake hutoweka OSPF na Moshi hujua mapema, ilhali kwa `next-hop-self` Loopback0 hubaki hai na Moshi husubiri Arusha iziondoe njia moja moja. Hata hivyo, mimi ninapendelea `next-hop-self`, kwa kuwa anwani za watu wengine hazina sababu ya kujaa kwenye jedwali la ndani.

Ukitumia ruta ya kuakisi njia, yaani inayopokea njia za BGP ya ndani na kuzisambaza kwa ruta nyingine za mtandao huohuo, weka amri hiyo kwenye ruta ya mpakani, kwani kwenye Cisco haizigusi njia zinazoakisiwa.

Kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, kama kile cha Arusha, wanachama hutumia mtandao mmoja wa pamoja. Pale penye seva ya njia, inayowasambazia wanachama njia za wenzao, seva hiyo huiacha anwani ya mwanachama aliyetangaza, ili pakiti ziende kwake moja kwa moja bila kupitia seva. Ruta yako iliyopo kituoni inaifikia anwani hiyo, lakini Moshi haiifikii, hivyo `next-hop-self` inahitajika kuelekea Moshi kwa njia hizo pia. Usiutangaze mtandao wa kituo nje ya ruta hiyo.