Mtoto Amekubaliwa Chuo cha Jimbo? Ulizia na Honors College Yake

Binti wa kaka yangu alipokubaliwa chuo kikuu cha jimbo letu hapa Marekani, tulipika pilau, tukapiga simu Kigoma, bibi yake akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Miezi mitatu baadaye mwenzake akamwuliza, "Kwani wewe hukujaza fomu ya Honors?" Hakuijaza. Mimi niliyejifanya msimamizi wa shughuli nzima sikujua hata kama ipo. Tulidhani ukishatuma maombi ya chuo umemaliza. Naandika ili mzazi mwingine asipitwe kama sisi.

Jina lenyewe linatuchanganya. Tuliosoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere tukisikia neno hilo tunafikiria daraja la shahada, au ile shahada ya heshima wanayotunukiwa viongozi. Hii ni kitu kingine. Honors College ni koleji ndogo ndani ya chuo kikuu kikubwa. Ina mkuu wake, washauri wake wa masomo, mara nyingi na bweni lake, na semina ambazo wanafunzi wachache wanakaa meza moja na profesa anayewajua kwa majina. Mtoto anabaki kwenye fani yake, iwe uuguzi, uhandisi au uhasibu, na shahada anapewa na chuo kikuu kile kile.

Lengo lake ni kumpa mwanafunzi anayefanya vizuri malezi ya kitaaluma yanayopatikana kwenye vyuo vidogo vya binafsi, ila kwa ada ya chuo cha umma. Katika chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, kijana mpole aliyefunzwa nyumbani asimsumbue mwalimu anaweza kumaliza miaka minne bila profesa hata mmoja kumfahamu. Watoto wetu wengi ndivyo walivyo. Mpango huu si mgeni: koleji ya Chuo Kikuu cha Oregon ilianza mwaka 1960, na ile ya Arizona State, inayoitwa Barrett, mwaka 1988.

Mnaoishi New York, isomeni kwa makini Macaulay Honors College, iliyoanzishwa mwaka 2001 chini ya CUNY, mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya jiji. Anayekubaliwa, akiwa na sifa za kulipa ada ya mkaazi wa jimbo, hulipiwa ada yote. Moja ya semina zake inahusu uhamiaji, watu walivyofika na kulijaza jiji hilo. Mtoto aliyekulia Bronx na wazazi wa Mombasa au Bukavu ana la kusema kwenye meza hiyo. Lakini Macaulay hupokea hasa wanaotoka sekondari moja kwa moja. Usianze kwingine ukitegemea kuhamia baadaye.

Kwingine kuna unafuu. Koleji nyingi zina njia ya pili kwa mwanafunzi aliyekwisha kuanza chuo akafanya vizuri, na baadhi hupokea hata wanaotoka vyuo vya jamii vya miaka miwili. Binti yetu aliingia kwa njia hiyo mwaka wa pili, baada ya kwenda mwenyewe ofisini kuuliza.

Wazazi wengi huogopa kwamba masomo yatakuwa magumu, alama zishuke, ufadhili upotee. Hofu hiyo naielewa, na kila koleji ina wastani wa alama ambao ukishuka chini yake unatolewa. Hata hivyo anayetolewa kwa kawaida anaendelea na shahada yake. Ulizeni pia kama kuna ada ya ziada, maana baadhi hutoza, na kama wenye kipato kidogo wanasamehewa.

Kazi kubwa yenyewe ni tasnifu ya mwaka wa mwisho, na koleji nyingi huidai. Hapa Kiswahili chetu kina thamani kubwa. Binti yetu anasoma uuguzi, akaamua kuchunguza jinsi akina mama wa Kikongo wanavyoelewa maelekezo ya dawa. Nilimsindikiza siku moja. Mama alipanga chupa tatu mezani, akagusa moja moja: "Hii ya asubuhi, hii ya usiku, hii walinieleza nikasahau." Binti akaandika kama alivyosema, kisha akatafsiri chini yake ili profesa asome. Kabla ya mahojiano hayo alisubiri wiki kadhaa kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Mwambieni mtoto aombe mapema, kwani bila kibali hahoji mtu.

Ofisi za koleji hizi pia huwaandaa vijana kwa ufadhili mkubwa. Ufadhili wa Gilman huwasaidia raia wa Marekani wanaopata ruzuku ya Pell, yaani msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, kwenda kusoma nje ya nchi. Ule wa Paul na Daisy Soros huwapa wahamiaji na watoto wa wahamiaji hadi dola 90,000 kwa masomo ya uzamili au uzamivu. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hapati msaada wa serikali kuu, kwa hiyo aulize misaada ya koleji yenyewe.

Jihadharini na barua zinazompongeza mtoto kwa "kuteuliwa" katika jumuiya ya wanafunzi bora, kisha zinaomba malipo ya uanachama. Hiyo si Honors College. Kabla ya kulipa, pigeni simu chuoni.

Maombi ya wanaoanza Agosti mara nyingi hufungwa Novemba au Desemba ya mwaka uliotangulia, yakiwa na insha yake na wakati mwingine barua ya mwalimu. Mwalimu aombwe Septemba, kabla hajalemewa na barua za darasa zima. Insha iachwe iwe ya mtoto mwenyewe. Ya kwetu ya kwanza niliinyoosha mimi mpaka ikafanana na hotuba ya kiserikali. Akaitupa, akaandika kuhusu kumtafsiria mama yake hospitalini akiwa na miaka 11, na hiyo ndiyo aliyoituma.